Farasi ni wako, ila walioazimwa zamani hawaachi kuja bandani

Mtanga wa Karen anauliza:

Shikamooni wakubwa wa kundi letu la Watanzania wenye farasi Nairobi. Hali ni hii: farasi amenunuliwa, karatasi zipo. Kabla ya hapo mwenyewe wa kwanza alikuwa amewaazima familia moja. Walimpanda na kuchangia pango la banda. Sasa wanakuja bila taarifa, wanamwomba saisi (mtunza farasi) picha, wanaleta vyakula, na mtandaoni wanaandika kwamba amekonda. Ugomvi wa wazi haujatokea. Mtu anaanzia wapi bila kuvunja ujirani?

Mchagga wa Lang'ata:

Marahaba, mdogo wangu. Anza na namba za simu, watu watafuata.

Farasi wa kuazimwa huacha namba za aliyeazimwa kila kona: kwenye kibao cha mlango wa banda, kwa daktari wa mifugo, kwa fundi kwato, kwa anayeleta nyasi, na kwenye kundi la WhatsApp la hapo bandani. Tumbo likimshika farasi saa nane usiku, anayepigiwa ni yule wa zamani. Anaamka, anakuja na kanzu ya kulalia, anamruhusu daktari achome sindano, na kukicha anajiona bado ni mwenye farasi. Utamlaumuje? Namba hukuifuta wewe.

Andika barua ya nusu ukurasa. Weka jina la farasi, rangi, mabaka na alama za miguuni, namba ya chipu (kidude cha utambulisho kinachowekwa chini ya ngozi) kama anayo, tarehe uliyomchukua, na namba mbili za kupiga: yako, na ya mtu aliyeko Nairobi wakati umesafiri. Hiyo ya pili ndiyo wengi wetu huisahau. Mwezi wa kumi na mbili nusu ya kundi hili iko ng'ambo ya Namanga, na wiki hizo ndizo mabanda hupata wageni wa ajabu. Taja pia kiasi cha shilingi ambacho daktari anaweza kutumia kabla hajakupata hewani. Nakala moja kwa meneja, moja kwa daktari, moja kwa fundi kwato.

Chipu mwambie daktari aisome kwa mashine mbele yako. Ina tarakimu 15, na kwa kawaida hukaa shingoni upande wa kushoto, katikati, chini kidogo ya manyoya ya shingo. Tarakimu hizo ziandikwe kwenye mkataba wa mauziano. Pasipoti ya farasi ni kitambulisho chake tu, haithibitishi umiliki. Linalokulinda ni mkataba na risiti.

Sasa saisi. Hapa ndipo penye jambo lenyewe. Picha hazitoki kwa majini, zinatoka kwenye simu ya saisi, naye anapewa mia mbili au mia tatu kila akituma. Ukimgombeza ataendelea kutuma kwa siri, na akifukuzwa kwa sababu hiyo, wa zamani watamtafuta wa pili wiki ijayo. Mpe mambo mawili. La kwanza ni sentensi ya kusema, fupi, isiyomfanya aonekane mkorofi mbele ya watu anaowaheshimu: "Mimi sina ruhusa, mpigie meneja." Mzoeze aitamke, maana mtu akishikwa ghafla na mama mtu mzima aliyemletea soda, ulimi huganda. La pili, lile pengo la bahasha lizibe wewe. Ukijua anapoteza kiasi gani kwa mwezi, ongeza hicho kwenye malipo yake waziwazi, na umwambie ni cha nini.

Kuhusu kupandwa kwa siri, usiulize, angalia. Farasi aliyepandwa asubuhi na kufutwa harakaharaka hubaki na chumvi ya jasho iliyokauka nyuma ya kiwiko, mkanda wa tumbo unapopita. Brashi ya juujuu haifiki hapo. Lijamu, kile chuma cha mdomoni, likitumika lina utando wa kijani uliokauka kwenye viungo. Na tundu la mkanda wa kuwekea mguu: weka lako tundu la saba, ukikuta la tano, kuna mwenye miguu mifupi aliyepita. Dawa yake ni kufuli kwenye sanduku la matandiko na hatamu. Bila hatamu hawezi kwenda mbali.

Bibi Sheria, Kilimani:

Niongeze la kisheria, kwa kuwa naona watu huku wanafikiri kama wako Arusha. Nyumba Kumi ya Kenya ni ulinzi shirikishi. Usitegemee ikuandikie barua kama serikali ya mtaa ya kwetu.

Sheria ya kuingia eneo la mtu bila ruhusa ni Sura ya 294. Inamkataza mtu kuingia au kubaki kwenye ardhi binafsi bila idhini ya anayeikalia, kama hana sababu ya maana. Soma tena: anayeikalia. Wewe unayelipa pango la banda hukalii ardhi ile. Anayeikalia ni mwenye shamba. Kwa hiyo ukisimama getini kumfukuza mtu, huna nguvu unayoidhani, na yeye akisema "mwenye shamba ananijua" umekwama. Mwombe meneja aandike yeye, kwa karatasi yenye jina la shamba, kwamba kuanzia tarehe fulani wageni wa farasi huyu wanaingia kwa miadi tu. Mlinzi wa geti apewe nakala na majina. Barua hiyo ikivunjwa mara ya pili, ndipo mnakwenda kituoni pamoja na meneja, mnaandikisha, mnaondoka na namba ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi. Bila namba ya OB, siku ya tatu utaanza kusimulia upya.

Mtu kuandika "amekonda" ni maoni yake, acha yapite. Sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, kifungu cha 27, inahusu mawasiliano yanayomtia mtu hofu ya kudhuriwa au kumwathiri vibaya. Wakifika huko, hifadhi picha za skrini zinazoonyesha tarehe na namba, na usijibu hata neno. Kujibu kwa matusi kunakuweka nawe kwenye karatasi hiyohiyo.

Tena, M-Pesa. Mtu anaweza kukutumia elfu moja "ya karoti" bila kuombwa. Irudishe siku hiyohiyo, na mwandikie: "Asante, nimerudisha, farasi hana mchangiaji." Ukipokea miezi mitatu, mwenzio ana orodha ya malipo inayofanana sana na mtu anayechangia matunzo.

Mpemba wa Ngong Road:

Mabibi na mabwana mmeongea geti na karatasi. Mimi nahofia mdomo wa farasi. Mgeni anayempiga picha hana madhara makubwa. Mgeni mwenye mfuko wa plastiki ndiye wa kusimamishwa.

Karoti iliyokatwa duara hukaba kooni. Ikatwe kwa urefu, kama vijiti. Aliyekabwa hunyoosha shingo, anakohoa, na mate yaliyochanganyika na chakula yanatoka puani. Ondoa chakula na maji, ita daktari, usimmiminie mafuta mdomoni. Nyasi za mashine ya bustani zilizorundikwa kwenye gunia huchacha kwa saa chache, kisha tumbo linamshika. Mkate na mandazi hugeuka donge. Majani ya mparachichi, na Nairobi kila ua una mparachichi ingawa wenyewe wanauita mwavokado, ni sumu kwa farasi: midomo na kichwa huvimba, moyo unaweza kudhurika.

Kinachoniogopesha zaidi ni huruma ya gunia. Mtu anaona mbavu, anakwenda duka la vyakula vya mifugo, analeta chakula cha kuku au cha ng'ombe wa maziwa. Baadhi ya vyakula hivyo vimetiwa dawa iitwayo monensini. Ng'ombe na kuku huivumilia. Farasi kiasi kidogo tu kinamharibu misuli ya moyo, na hakuna dawa ya kuiondoa. Bandika mlangoni, kwa herufi kubwa na kwa Kiswahili na Kiingereza: USIMPE CHOCHOTE KWA MKONO. Ndoo ya zawadi iwekwe ofisini, mwenye karoti aiache humo, wewe utaikata mwenyewe.

Na hilo la "amekonda" lijibiwe kwa futi ya fundi cherehani. Pima mzingo wa kifua kwa sentimita, nyuma tu ya kwapa, akishatoa pumzi. Pima urefu kutoka ncha ya bega hadi ncha ya tako. Zidisha mzingo kwa mzingo, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 11,880. Mzingo 180 na urefu 165 vinakupa kilo 450. Ni makadirio, lakini mtu yuleyule akipima kwa futi ileile kila baada ya wiki mbili, kupanda na kushuka kutaonekana. Ongeza alama ya Henneke, kipimo cha unene wa farasi cha tangu 1983, 1 hadi 9: unapapasa shingo, mgongo penye mabega, nyuma ya bega, mbavu, kiuno na shina la mkia. Anayefaa ni wa 5, mbavu unazigusa lakini huzioni. Wengi walioazimwa walimzoea akiwa 7, kwa hiyo 5 machoni pao ni njaa.

Huyo wa kilo 450 anahitaji kama kilo 8 hadi 10 za nyasi kavu kwa siku. Marobota ya nyasi za Boma Rhodes hayalingani uzito, kwa hiyo pima kwa mzani wa kuning'iniza, usihesabu marobota. Andika kwenye daftari linaloning'inia mlangoni: tarehe, kilo, mzingo, dawa ya minyoo, kwato. Kama wamekwenda kulalamika KSPCA, shirika la kulinda wanyama la Kenya, na mkaguzi akaja, mpokee vizuri, mpe daftari, mpe na chai.

Mtanga wa Karen:

Asanteni sana. Barua ya meneja imeeleweka. Ila mimi mwenyewe nawaandikia nini? Na kuna binti wao wa miaka kumi na moja, yeye ndiye anayelia.

Mchagga wa Lang'ata:

Ujumbe mmoja, kwa mkubwa wa familia, asubuhi ya siku ya kazi. Usiku watu husoma kwa hasira. Kama hivi: "Habari za asubuhi mama. Nashukuru kwa malezi mliyompa. Kuanzia Jumatatu maamuzi yote yanapita kwangu, na bandani tunaingia kwa miadi. Vitu vyenu vilivyobaki, blanketi na brashi, viko ofisini kwa meneja hadi tarehe 30. Naomba saisi asitumiwe tena ujumbe." Usieleze sababu. Sababu moja inazaa mjadala wa siku tatu. Na hilo la vitu usiliruke: blanketi lililobaki ni kisingizio cha kurudi hadi mwakani.

Binti mpe miadi moja, nusu saa, na mzazi wake na wewe mkiwepo. Ampige brashi, apige picha, asimpande. Kisha mpe nywele za mkia. Chukua kutoka upande wa ndani, chini, unene wa penseli. Funga uzi kwa nguvu kwanza ndipo ukate juu ya uzi, zisimwagike. Zioshe kwa sabuni ya kipande, kausha kivulini, suka. Usikate za juu karibu na shina. Zikiota zinasimama kama brashi ya choo, na hapo wataandika tena mtandaoni.