Safari ya siku moja kutoka Nakuru: Baringo, Kericho au Nyahururu?

Mpanda_Menengai

Wenzangu, habari za jioni. Klabu imenipa kazi ya kupanga safari ya Jumapili moja ya Agosti, nami nataka maoni yenu kabla sijatangaza. Tutakuwa na pikipiki 14. Tano ni Boxer 150, mbili ni TVS 125, kuna Himalayan mbili, GS moja kubwa ya 1200 (namba hizi ni ukubwa wa injini kwa cc), na nne zilizobaki ziko kati ya 200 na 400. Wawili kati yetu wamejifunza kuendesha mwaka huu. Watatu wanabeba wake zao. Tunachotaka ni kutoka asubuhi, kula pamoja mahali pazuri, na kila mtu awe kwake kabla giza halijaingia.

Nimebaki na njia tatu. Baringo, yaani Mogotio, Marigat hadi Kampi ya Samaki kando ya Ziwa Baringo, kama kilomita 120 kwenda. Kericho, kama kilomita 105, tukale katikati ya mashamba ya chai. Halafu Nyahururu kupitia Subukia, kama kilomita 65, tukayaone maporomoko ya Thomson.

Moyo wangu uko Kericho, sitaficha. Lakini mwaka jana nilienda huko na watu sita na jambo moja halijanitoka. Tulifuata mwendo wa pikipiki kubwa iliyokuwa mbele. Kijana wa 125 akaachwa kwenye mlima baada ya Salgaa, lori nyuma yake, lori mbele yake, na hakuna aliyejua mpaka tulipohesabiana kwenye njia panda ya Mau Summit. Alifika baada ya dakika ishirini akitetemeka. Kiongozi wa msafara nilikuwa mimi. Sitaki tena.

Fundi_wa_Bondeni

Umefanya vizuri kuuliza mapema. Nianze na mashine, maana ndizo nazishika kila siku.

Injini isiyo na tabo (kifaa cha kuisukumia hewa zaidi) hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Hapa Nakuru tayari tuko mita 1,850. Ukiielekeza Boxer yenye abiria Mau Summit, inapanda na mzigo huku hewa ikizidi kuwa nyepesi, na kabureta haijui hilo, inaendelea kumwaga petroli ileile. Ndiyo maana inakohoa na kutoa moshi mweusi. Kijana wako wa 125 hakuwa mzembe. Mashine haikuwa na pumzi zaidi ya ile.

Baringo ni kinyume chake. Unateremka hadi karibu mita 1,000 na pikipiki ndogo zinafurahi. Shida huko ni breki. Boxer nyingi zina breki za ngoma, na mtu mgeni huzikanyaga mteremko mzima mpaka zinapata moto na kulegea. Wafundisheni kushuka kwa gia: kama mlima ungeupanda kwa gia ya tatu, ushuke kwa hiyohiyo ya tatu.

Jambo lingine ni upepo wa tairi. Upimeni asubuhi kabla ya kutoka, tairi likiwa baridi, na wenye abiria waongeze la nyuma kwa kipimo cha kiwanda. Mkifika Marigat mtakuta limekaza kwa sababu ya joto. Msilipunguze. Nimeshawaona watu wakilitoa upepo pale, halafu jioni wanapanda kurudi na tairi limelegea.

Dada_wa_Lami

Mimi ni mwendeshaji na nimekuwa abiria pia, kwa hiyo nitasemea wale watatu wa nyuma. Mnapanga kana kwamba hawapo. Kilomita 240 za kwenda na kurudi Baringo kwenye kiti cha Boxer ni nyingi kwa mgongo wa mtu asiyeshika usukani. Kila baada ya kama dakika 45 wasimame, washuke, watembee.

Kwa ajili yao naipigia kura Nyahururu. Ni karibu, malori ni machache kuliko barabara kuu, na bonde la Subukia ukiliona kutoka juu asubuhi, mashamba yamekatwa vipande vipande vya kijani, unasahau baridi. Njiani mnaweza kusimama Kijiji cha Maria, pale wanapohiji Wakatoliki, pametulia na pana nafasi. Maporomoko yenyewe ni mita 74.

Baridi ya Agosti ni ya kweli, lakini. Nyahururu iko zaidi ya mita 2,300. Ukungu unakaa hadi saa tatu asubuhi na vidole vinakufa ganzi kwenye klachi. Kona za kutoka Subukia kupanda ni kali, na wale wawili wapya watazikuta zikiwa na unyevu. Mkienda, msitoke kabla ya saa mbili na nusu.

Mpanda_Menengai

Dada, umenikumbusha jambo ambalo sikuliweka kwenye hesabu hata kidogo. Asante. Nitamuuliza kila abiria mwenyewe, si mume wake.

Mlima_Tugen

Mimi niko Marigat. Karibuni, lakini mje na akili ya huku.

Huku kinachoamua ni saa. Mkitoka Nakuru saa kumi na mbili na nusu, Mogotio mnapita kukiwa na ubaridi mzuri, mnasimama kwenye alama ya Ikweta mpige picha, na saa tatu mko Marigat mkinywa chai. Mkitoka saa tatu, jua la mchana linawakuta mmevaa majaketi mazito, na mtu akiishiwa maji mwilini hajui kwamba amechoka. Anaanza kuchelewa kushika breki, basi. Kila mtu abebe lita mbili za maji na azinywe, asizirudishe Nakuru.

Mbuzi. Kutoka Mogotio kushuka mtawakuta barabarani kila mara. Mbuzi mmoja akivuka, wapo wengine nyuma yake kwenye kichaka. Msipige honi mkiwa karibu, wanarudi walikotoka. Punguza, subiri wa mwisho, pita.

Makorongo ndiyo ninayowaogopea wageni. Kati ya Marigat na Kampi ya Samaki maji yanaweza kupita juu ya barabara huku mbingu ni nyeupe, kwa sababu mvua imenyesha kule juu kwenye milima ya Tugen. Maji yakiwa ya udongo na hamuoni lami chini, zimeni injini mkae. Yanapungua. Pikipiki haina uzito wa kushindana nayo.

Kuhusu usalama nitasema wazi. Februari 2023 serikali ilitangaza sehemu za Baringo na kaunti jirani kuwa maeneo ya hatari kwa sababu ya majangili. Njia ya hadi Kampi ya Samaki watu wanaitumia kila siku, na hoteli ziko wazi. Lakini muishie hapo, msiende Loruk kwa udadisi, na jioni ya kabla ya safari mpigie mtu wa huku mumuulize hali. Saa tisa muwe mmeshageuza.

Mkifika, chukueni mashua kabla ya adhuhuri. Mchana upepo unaamka na ziwa linachafuka. Vaeni majaketi ya kuokoa maisha, kuna viboko na mamba. Mtaona miti mikavu imesimama ndani ya maji: ziwa lilipanda sana, na 2020 lilimeza nyumba na hoteli za watu. Wazee wa hapa watawaonyesha mahali boma lao lilipokuwa. Wasikilizeni. Halafu samaki wa kukaanga na ugali, na asali ya kubeba nyumbani.

Baba_Njoro

Vijana, naona Kericho inazikwa ikiwa hai. Tatizo la Mpanda halikuwa Kericho. Tatizo ni kwamba alipeleka pikipiki ndogo Salgaa na Sachang'wan. Barabara ile ni ya malori ya kwenda Uganda. Sisi tulio na umri tunaikumbuka Sachang'wan ya Januari 2009, lori la mafuta lilipowaka na watu zaidi ya 100 wakafa. Sipitii pale na kundi, hata nikilipwa.

Njia ya Kericho kwa watu wetu inapitia kwangu. Nakuru, Njoro, Elburgon, Molo, mnaibukia Mau Summit. Yote lami. Unapita karibu na kasri la Lord Egerton, unapita ngano na viazi, Molo unakuta kondoo na hewa safi kabisa. Mlima upo, lakini ni wa taratibu na hakuna trela linalokupumulia shingoni. Inaongeza muda kidogo. Mtu mwenye 125 anafika akitabasamu.

Muuguzi_Molo

Mzee Baba_Njoro, shikamoo. Njia yako naikubali hadi Mau Summit. Baada ya hapo bado mna Londiani Junction. Juni 2023 lori lililotoka barabarani pale liliua watu zaidi ya 50, wengine wakiwa kando ya njia wakiuza mboga, wengine wakiwa kwenye bodaboda. Kwa hiyo kundi lisisimame pale kusubiriana. Mtu anaona uwanja mpana na vibanda, anadhani ni mahali salama pa kupumzika. Piteni, msimame mbele, ndani ya kituo cha mafuta, mbali na lami.

Na Agosti Kericho mvua ya alasiri ni kama miadi. Saa nane, saa tisa, inamwagika, mara nyingine na mawe. Chai inapendeza hivyo kwa sababu hiyohiyo. Mtu mpya kwenye lami iliyoloa, kona, na trekta limeacha matope: mimi ndiye ninayemshona. Naomba Kericho muiweke Januari au Februari.

Kundi liwe na watu wawili wenye begi la huduma ya kwanza, mmoja mbele na mmoja nyuma. Bandeji pana, glavu, mkasi wa kukata suruali. Mtu akianguka na hazungumzi, msimvue kofia kwa haraka. Mwangalieni kama anapumua kwanza. Na waendeshaji wote pamoja na abiria wavae helmeti na jaketi la kuakisi mwanga. Hiyo ni sheria, na mimi naiombea zaidi ya askari.

Baba_Njoro

Marahaba, binti yangu. Kwa mvua umenishinda. Agosti siwezi kubishana nawe.

Nya_Kisumu

Sisi wa huku ziwani tunauliza mtakuja lini! Kisumu na kurudi kwa siku moja ni mbali kwa Boxer, karibu kilomita 370, msijaribu. Ila mkiiweka Kericho Januari, sisi tutapanda kupitia Ahero na Awasi, tukutane pale kwenye chai, tule pamoja, kila upande urudi kwake. Sisi tunatoka kwenye joto la mita 1,100, kwa hiyo tutakaokuwa tunatetemeka ni sisi.

Kuhusu kuachana, huku tunafanya hivi. Kiongozi anatangulia. Nyuma yake zinafuata pikipiki ndogo na wageni, kubwa zinakaa nyuma, wa mwisho ni mfunga mkia, mtu mzoefu asiyempita yeyote. Kila njia panda, aliye wa pili anasimama kuonyesha njia mpaka mfunga mkia afike, ndipo anaingia tena mbele yake. Hakuna anayelazimika kumkimbilia mwenzake ili asipotee, na haraka ile ndiyo inayoangusha watu. Kwenye lami iliyonyooka tunakaa mmoja kushoto, mmoja kulia, sekunde mbili kati yako na wa mbele. Kwenye kona, mstari mmoja, kila mtu na mwendo wake.

Fundi_wa_Bondeni

Hapo pa ndogo kukaa mbele, sikilizeni vizuri. Watu wanaziweka nyuma wakidhani wanaheshimu pikipiki kubwa. GS ya 1200 inaweza kwenda kilomita 60 kwa saa siku nzima bila kulalamika. TVS 125 haiwezi kwenda 110 hata ukiisukuma.

Dada_wa_Lami

Baringo basi, kwa masharti ya Mlima_Tugen. Abiria wapate kivuli na muda wa kulala baada ya kula. Na pikipiki 14 zisiende kama mkufu mmoja. Gawanyeni makundi mawili ya saba, dakika kumi kati yao, magari ya matatu yapate nafasi ya kupita.

Mpanda_Menengai

Nimesoma yote mara mbili, na usiku nimempigia yule kijana wa 125. Nilimuuliza angetaka kukaa wapi kwenye msafara. Alinyamaza kidogo, akasema hakuna aliyewahi kumuuliza.

Agosti tunaenda Baringo, mwisho Kampi ya Samaki. Makundi mawili ya saba. Kundi la kwanza nitaongoza mimi, na kijana atakuwa mara tu nyuma yangu, na mwendo ni wake. Mwenye GS amekubali kufunga mkia wa kundi la pili. Tunakutana saa kumi na mbili asubuhi, tenki zikiwa zimejaa na tairi zimeshapimwa, tunatoka na nusu. Mapumziko Mogotio na Marigat. Saa tisa tunageuza, hata kama samaki bado yuko mezani.

Januari ni Kericho kupitia Molo, tukutane na watu wa Kisumu. Nyahururu naibakiza kwa wale wawili wapya, tutaenda nao polepole siku ya jua, watu wanne tu.

Mlima_Tugen, nitakupigia Jumamosi jioni kuuliza habari za makorongo.

Mlima_Tugen

Piga saa moja usiku, nitakuwa nimetoka kuyaangalia.