Naomba ushauri: Probox, Succeed au Fielder kwa barabara za Tabora?

Habari zenu wakuu. Niko Tabora mjini, nina mke na watoto watatu, na nafuata asali vijiji vya ndani huko Sikonge. Natafuta gari la mtumba lenye buti refu: siku za kazi libebe madumu kumi ya lita 20, Jumapili lipeleke familia kanisani. Bajeti ni milioni 13, na hapo sitaki kuzidi hata kidogo.

Nimeumia mara moja. Mwaka 2021 dalali mmoja aliniuzia gari linalong'aa, kilomita kwenye dashibodi chache, na miezi minne baadaye gia boksi ikafa. Pesa ya ada ya mtoto iliishia kwa fundi. Sitamani kurudia.

Probox na Succeed najua nyingi zina injini ya 1NZ, cc 1496, spea zipo kila mahali, na Succeed ni ndefu kidogo nyuma. Ila siti ya nyuma ya Probox, jamani, watoto wanalalamika hata safari ya Urambo. Fielder imetulia zaidi. Tatizo zile za kuanzia mwishoni mwa 2006 zenye cc 1500 nyingi ni CVT (gia boksi ya otomatiki inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida), na mzigo wangu unanitia hofu.

Mwenye Fielder ya CVT anayebeba mzigo kwenye vumbi, imedumu? Na nikinunua mkononi, fundi akague nini kwanza ili kujua kilomita hazijarudishwa? Wa Tabora mwenye fundi mwaminifu anielekeze tafadhali.