Tupeane uzoefu: kuzuru miji ya kale ng'ambo, kuanzia Kilwa hadi Istanbul

Mkaazi wa Kibokoni
Asalaam aleikum jamaa. Likizo inakaribia na maswali ni yale yale. Tuweke hapa yanayomfaa msafiri: njia, saa, tikiti na penye mtego. Hadithi za "mimi nilipofika" tuwaachie wa barazani.

Naanza na Kilwa Kisiwani, ndiko watu wa Mombasa wanakoharibikiwa zaidi. Basi za Dar kwenda Lindi na Mtwara hukushusha Nangurukuru, njia panda; hapo unashika gari ndogo mpaka Kilwa Masoko. Usikimbilie mashua. Kibali cha kuingia magofuni hukatwa kwanza Masoko, na ukishuka kisiwani bila karatasi huna ulilofanya.

La pili ni maji. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, bahari hupwa mwendo wa saa nne asubuhi. Mashua inakwama mbali na nchi kavu, nawe unashuka kwenye tope mpaka magotini na mkoba kichwani. Siku hizo vukeni saa moja, au ngojeni alasiri maji yarudi. Siku za maji mafu hakuna taabu hiyo. Anayetaka kufika kisiwa cha Songo Mnara pia avae viatu vya plastiki, maana kule unapita ndani ya mikoko na viatu vya ngozi havirudi vizima.

Kisiwani wengi humalizia Msikiti Mkuu na ngome iitwayo Gereza, wakapiga picha, wakarudi. Husuni Kubwa iko kando, mwendo wa miguu juani, lakini ndiyo jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman la karne ya 14, lenye bwawa la pembe nane juu ya jabali linalotazama bahari. Ibn Battuta alifika Kilwa 1331, baada ya kulala usiku mmoja hapa Mombasa. Chukueni lita mbili za maji kila mtu, na msingoje adhuhuri.

Abiria wa Feri
Kabla hamjafika huko kote: Lunga Lunga. Mpaka ule ni wa kituo kimoja. Anayeingia Tanzania humaliza kutoka na kuingia upande wa Horohoro, dirisha baada ya dirisha. Mihuri ni MIWILI. Mtu anagongewa mmoja, anasikia honi ya basi, anakimbia. Anateseka wakati wa kurudi. Hesabu mihuri kabla hujapanda.

Cheti cha homa ya manjano huanza kuhesabika siku 10 baada ya sindano, kwa hivyo kuchanjwa jana ukasafiri leo hakukusaidii. Ukishachanjwa, cheti ni cha maisha.

Na tikiti! Ikiandikwa 8:00 ni saa mbili. Karani atakwambia "saa mbili", karatasi itasema nane, na kuna wanaofika saa nane mchana. Mwambie aandike asubuhi au usiku.

Fundi Chokaa
Mkiwa Mji Mkongwe Unguja msitazame milango tu. Ingieni ndani mtazame dari. Vyumba ni virefu lakini vyembamba kwa sababu upana wake ni urefu wa boriti ya mkoko, mita tatu au pungufu. Ndivyo ilivyo Lamu, na ndivyo ilivyo nyumba za kwetu karibu na Ngome. Ukijua hilo, hata gofu lisilo na paa unalisoma: kuta mbili zikikaribiana, hapo palikuwa chumba, zikiachana sana bila nguzo katikati, hapo palikuwa ua.

Tazameni pia lipu. Ukuta wa matumbawe na chokaa unapumua. Ukizibwa kwa saruji, unyevu unakosa pa kutokea, chumvi inaisukuma lipu kutoka ndani, na baada ya misimu kadhaa ya masika saruji inabanduka vipande vizima pamoja na jiwe. Mkiona ukuta umefura chini kama mkate wa mofa, ni hilo. Msiuegemee.

Beit el-Ajaib, jumba la Sultani Barghash papo hapo Mji Mkongwe, 1883: upande mmoja uliporomoka Desemba 2020. Anayekuuzia ziara ya ndani, muulize kwanza kama pamefunguliwa, ndipo utoe pesa.

Mama Safari
Oman: nendeni Nizwa, si Maskati peke yake. Ngome ya Nizwa ilijengwa na Imamu Sultan bin Saif wa Yaarubi, aliyewatoa Wareno Maskati 1650. Mwanawe, Saif bin Sultan, ndiye aliyewatoa Ngome ya Yesu 1698. Baba kule, mwana huku. Kwenye ngazi za mnara inueni macho: juu ya milango kuna matundu ya kumwagia adui asali ya tende iliyochemka. Ghala ya tende nayo ina mifereji sakafuni ya kukusanyia ile asali.

Ijumaa alfajiri kuna mnada wa mbuzi karibu na ngome, ila ngome yenyewe siku hiyo ina saa zake. Juni hadi Agosti msijaribu, joto hupita digrii 40.

Kijana wa Majengo
Istanbul je? Nasikia msikiti wa Ayasofya ni bure.

Mama Safari
Si kwa mtalii, mwanangu. Tangu Januari 2024 mtalii hulipa yuro 25 na hupelekwa ghorofani kwenye picha za vigae. Chini ni pa kusali. Msikiti wa Sultan Ahmed, wenye minara sita, ni hatua chache tu na haulipishwi, lakini wageni hawaingii wakati wa sala, na Ijumaa hufunguliwa alasiri. Kasri la Topkapi hufungwa Jumanne. Mfuko wa viatu na mtandio viwe mkobani, si hotelini.

Mkaazi wa Kibokoni
Na atakayefika Lisbon: monasteri ya Jerónimos, alimozikwa Vasco da Gama, hufungwa Jumatatu. Kaburi liko kanisani, karibu na mlango. Msilipie nyua mkidhani limo humo.