Kigari cha gofu kilichotumika, nikague nini?

Habari wakuu. Nipo Ilemela, nataka kigari cha umeme cha kubebea wageni toka getini hadi ufukweni. Muuzaji anasema betri ni nzima. Nisije nikapigwa.

— Mkuu, betri ndiyo gari lenyewe. Kama ni sita za volti 8, jumla 48, zijazwe chaji, zipumzike, kisha pima kila moja kwa mita ya volti: isome 8.4 hivi. Halafu pakieni watu wanne mpande kilima cha Capri Point, mpime tena. Inayoshuka kuliko wenzake imechoka. Mimi niliridhika na taa kuwaka, nikauziwa betri mfu. Inaniuma mpaka leo.

— Chungulia chini ya betri pia, asidi hula chuma. Kwa vigari vya kampuni ya Club Car fremu ni aluminiamu, vya kampuni ya EZGO ni chuma.

— Shukrani sana. Kesho naenda na mita.