Wagosi, The Animals walivunjikaje? Nauliza kwa sababu na sisi tuna wimbo wa jadi mkononi

Solo wa Barabara ya Nane

Habari za jioni wagosi na wadada. Shikamooni wakubwa.

Mimi napiga gitaa la solo kwenye bendi ndogo hapa Ngamiani, Tanga. Tuko watano. Mwisho wa wiki tunapiga hotelini upande wa Raskazone, na kuna mzee mmoja, mteja wa kila Ijumaa, hakosi kuomba The House of the Rising Sun. Nimeushika vizuri: A maina, C, D, F, nyuzi zinadonolewa mojamoja, kinanda kinaingia taratibu mpaka kinajaa. Tukiupiga watu wanaweka vijiko chini.

Nikaanza kuwasoma walioupiga, The Animals wa Newcastle. Wimbo ulitoka Juni 1964, ukawa namba moja Uingereza, kisha Marekani. Mwaka haujatimia, mpiga kinanda wao ameshaondoka. Kufika mwisho wa 1966 bendi ile ya mwanzo haipo. Ni nini kiliwapata? Wivu? Pesa? Ulevi?

Siulizi kwa udaku. Na sisi tuna wimbo wa akina mama wa Muheza, bibi yake mpiga besi wetu anauimba tangu utoto wake. Mtunzi hajulikani. Tumeupanga upya: mpiga kinanda kaleta ule mwanzo, mimi nimeweka solo, mpiga ngoma kabadilisha mwendo, mwimbaji kaongeza kibwagizo. Studio wametupa fomu, na pale pa jina la mtunzi au mpangaji pana mstari mmoja tu. Mwenye studio anasema tuandike jina la mpiga kinanda, mengine tutagawana wenyewe mbele ya safari. Jumamosi tunatakiwa kusaini.

Nimesikia The Animals nao walikuwa na kisa cha jina moja. Mwenye kukijua anieleze.

Besi la Bandarini

Marahaba mwanangu. Usiguse kalamu kabla hujamaliza kusoma haya.

Nimepiga besi mji huu tangu ujana, mchana kazi bandarini, usiku dansini. Enzi zetu Tanga iligawanyika, huyu wa Atomic Jazz, yule wa Jamhuri Jazz, na upande wa taarabu Black Star na Lucky Star walishaingiza magitaa ya umeme. Sahani za muziki za Ulaya zilitufikia kwa mabaharia, na hiyo ya The Animals tuliipiga mpaka ikaanza kukwaruza. Basi watu hawa nimewafuatilia maisha yangu yote.

Newcastle ni mji wa mto na meli, wa makaa ya mawe. Chas Chandler, mpiga besi, alikuwa fundi wa kukereza vyuma kwenye viwanda vya meli. Eric Burdon, mwimbaji, ni mtoto wa Walker, mtaa wa wafanyakazi. Walichokipenda ni muziki wa Wamarekani weusi: John Lee Hooker, Ray Charles, Chuck Berry. Alan Price alikuwa na kundi lake la ridhimu na bluzi, Burdon akaingia, likaja kuwa The Animals, na Hilton Valentine kwenye gitaa, John Steel kwenye ngoma. Walikuwa wakipiga Club a'Gogo, na Desemba 1963 walimsindikiza hapo Sonny Boy Williamson, mpuliza harmonika mkongwe kutoka Marekani. Vijana wa bandarini kumsindikiza mtu wa namna ile bila kumwangusha! Walipohamia London mwanzoni mwa 1964 walikuwa wameshaiva.

Mei mwaka huo walikuwa ziarani pamoja na Chuck Berry. Wakaona hakuna maana ya kushindana na Chuck kwa mdundo wake mwenyewe, wakatafuta kitu cha mwendo mwingine, wakachukua wimbo huu. Ni wimbo wa jadi wa Marekani. Mwaka 1937 Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za jadi, alimrekodi binti wa Kentucky, Georgia Turner, akiuimba, na Bob Dylan aliuweka kwenye albamu yake ya kwanza ya 1962. Tarehe 18 Mei 1964, wiki tatu tu baada ya Muungano wetu, wale watano waliingia studio London wakaupiga mara moja, basi. Sikiliza sauti ya Burdon pale. Alikuwa ametimiza miaka 23 wiki iliyotangulia, lakini anaimba kama mtu aliyekwisha kufungwa na kuachiwa. Wimbo ulipita dakika 4 wakati redio zilitaka wimbo wa dakika 3 kushuka chini. Marekani wakaukata kwanza ndipo wakautoa.

Sasa la karatasi. Wimbo wa jadi hauna mtunzi wa kulipwa, ila aliyeupanga upya hulipwa kwa ule mpangilio. Walioupanga walikuwa watano. Kwenye lebo ya sahani likaandikwa jina moja, Alan Price. Maelezo yaliyokuja baadaye ni kwamba majina matano hayakuenea, na jina Alan ndilo linalotangulia kwa alfabeti. Mirabaha ya mpangilio ikaenda kwake peke yake. Ile midono ya gitaa unayoipiga wewe kila Ijumaa ni ya Hilton Valentine. Vijana dunia nzima wanajifunzia gitaa kwa midono hiyo. Valentine alifariki Januari 2021, na alilisema jambo hili kwa uchungu.

Mei 1965 Price akaondoka. Yeye alitaja hofu ya ndege, na kweli bendi ilikuwa haishuki angani. Wenzake walikuwa na maneno yao. Akaja Dave Rowberry, mpiga kinanda hodari anayesahauliwa mno, na mwaka uleule wakatoa We Gotta Get Out of This Place, ambao askari wa Marekani walioko Vietnam waliufanya wimbo wao. Mapema 1966 Steel naye akatoka. Baada ya miezi michache bendi ikaisha.

Hapo ndipo ninapompenda Chandler. Katika safari za mwisho mwisho alimwona kijana akipiga gitaa kwenye mkahawa mmoja New York, Jimi Hendrix, yule gwiji wa gitaa wa baadaye, wakati huo hajulikani na mtu. Septemba 1966 akampeleka London na kumtafutia wenzake wa kupiga nao, na inasimuliwa kwamba aliuza magitaa yake mwenyewe kugharamia kazi hiyo. Mpiga besi aliyetoka kwenye bendi yenye namba moja ya dunia, anauza besi zake! Jiulize pesa za namba moja zilikuwa wapi.

Mimi pia ninazo nyimbo nilizozitungia besi, redio zinazipiga mpaka leo. Jina langu halimo popote. Kwa hiyo nakusihi, mwanangu, usikubali mstari mmoja.

Kinanda cha Makorora

Mzee wetu shikamoo. Naheshimu uliyosema, ila kwenye la Price naomba nami niseme, maana ninapiga kinanda.

Kundi lilianza likiwa lake. Na ule wimbo ukikiondoa kinanda chake cha umeme, Vox, unabaki mzuri, lakini sidhani kama unafika Marekani. Anapoingia na ule mzunguko wake katikati, Burdon akiwa amenyamaza, wimbo unapanda ngazi nyingine kabisa, na Burdon akirudi analazimika kupanda naye. Price hakuwa mtu wa kubebwa. Alipotoka alifanya vizuri na kundi lake, na mwaka 1973 muziki wake ulijaza filamu nzima, O Lucky Man!.

Pia tusimbebeshe yeye msiba wote. Meneja wao alikuwa Mike Jeffery, na wanamuziki wenyewe walilalamika miaka mingi kwamba pesa za ziara zilipitia kampuni ya Bahamas wasizione. Huyohuyo akaja kuwa meneja wa Hendrix pamoja na Chandler, na malalamiko yakafuata kulekule. Alikufa kwa ajali ya ndege Ufaransa mwaka 1973, maswali mengi yakaenda naye. Hata majina yote matano yangeandikwa kwenye lebo, hilo la meneja lingebaki.

Mgosi wa solo, kama mwenzenu wa kinanda kweli ndiye aliyeleta mwanzo unaoushika wimbo, apate zaidi. Usawa wa kulazimisha nao huvunja bendi.

Besi la Bandarini

Marahaba kijana. Kinanda cha Price nakisifu, wala sitamwondolea mtu haki yake. Apate zaidi, wakikubaliana. Ninachopinga ni jina la mmoja kusimama na ya wengine kufutika. Asilimia 40 na 15 ni mazungumzo ya watu wazima. Mia kwa sifuri mnazungumza nini?

Na la meneja ni kweli, lakini angalia mpangilio wa mambo. Watu wanaoaminiana wanaweza kumkabili meneja kwa pamoja. Hawa kufikia 1966 kila mmoja alikuwa na kinyongo chake. Burdon akaenda California na wanamuziki wengine, akalitumia jina la Animals hadi 1968, halafu akaanza na kundi la War, Wamarekani karibu wote, wakapata Spill the Wine mwaka 1970. Wale watano wa mwanzo walirudiana kutoa albamu mara mbili, ya 1977 na nyingine ya 1983 pamoja na ziara, haikudumu. Mwaka 1994 waliingizwa kwenye jumba la heshima la roki Marekani. Chandler akafariki 1996. Kisha waliobaki wakashtakiana juu ya jina lenyewe la bendi: Steel alilisajili Uingereza, Burdon akapinga, na mwaka 2013 akashinda rufaa. Watu wa miaka sabini na ushee, wako mbele ya sheria wakigombea jina walilolipata wakiwa vijana wa klabu! Liliniuma nilipolisoma.

Mwanahesabu wa Chumbageni

Asalaam aleikum. Natunza hesabu za kikundi kimoja cha taarabu hapa mjini, mambo ya fomu nayashika kila mara. Kaka wa solo, nakujibu la Jumamosi.

Kuwa na mstari mmoja kwenye fomu hakukuzuii. Andika kwenye mstari huo "tazama kiambatisho", ambatisha karatasi yenye jina kamili la kila mmoja kama lilivyo kwenye kitambulisho, alichofanya, asilimia yake, na sahihi. Jumla iwe mia kamili. Kila ukurasa usainiwe, kila mtu abaki na nakala. Mwenye studio akikataa kiambatisho, hilo tu litoshe kukuonyesha muondoke.

Pili, tenganisha vitu. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamtambua mtunzi, na pia inamtambua mpigaji na mwenye rekodi kwa haki zao tofauti. Kwa hiyo hata asiyeleta wazo la mpangilio ana haki kwa kupiga kwake. Ulizeni vilevile rekodi yenyewe itakuwa ya nani, yenu au ya studio. Watu wengi wanagombania utunzi, kumbe rekodi imekwenda.

Tatu, kwa kuwa ni wimbo wa jadi, msijiite watunzi. Andikeni "wimbo wa jadi, Muheza", kisha "umepangwa na" majina yenu. Sheria ina sehemu yake juu ya sanaa za jadi, pitieni BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa, kabla ya kuutoa. Baada ya hapo sajilini COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mirabaha ya redio na televisheni imeanza kugawiwa, na anayelipwa ni yule aliyemo kwenye daftari.

Solo wa Barabara ya Nane

Ahsanteni sana wakubwa. Nimewasomea wenzangu uzi wote jana baada ya mazoezi. Mpiga kinanda alikaa kimya kidogo, halafu akasema yeye mwenyewe hakuwahi kuomba jina moja, mwenye studio ndiye aliyemshika sikio. Tumefikia hivi: yeye 28, sisi wanne 18 kila mmoja. Nilifurahi, kusema kweli nilikuwa na hofu ya kikao kile.

Limebaki moja. Bibi wa Muheza tumweke wapi? Mpiga besi anasema bibi yake anaubadilisha kidogo ule ubeti wa pili, wenziwe hawauimbi hivyo, na sisi tumefuata wa kwake.

Mwanahesabu wa Chumbageni

Kama ubeti ni wa kwake, basi ana haki, na asilimia zenu inabidi mzipange upya kabla ya Jumamosi. Msimpe "ahsante" kwenye jalada mkaona mmemaliza. Aingie kwenye kiambatisho kwa jina lake, na kama hasaini, aweke dole gumba mbele ya shahidi.

Besi la Bandarini

Nenda Muheza mapema, kabla ya hiyo Jumamosi. Mrekodi bibi kwa simu akiuimba peke yake, mwanzo mpaka mwisho, na kabla hajaanza ataje jina lake, kijiji chake, alijifunza kwa nani, na tarehe ya leo. Msimkatize akikosea, msimpigie gitaa. Hicho ndicho Lomax alichomfanyia Georgia Turner, na ndiyo sababu leo tunalijua jina la yule binti. Nakala moja ibaki kwa bibi, nyingine mpe dada wa Chumbageni aitunze na karatasi zenu.

Na mpigie simu mwenye studio leoleo, umwambie mnakuja na watu sita.