Msaada: ARV zinaelekea kuisha kabla ya tarehe ya kliniki, naweza kumeza leo nikaruka kesho?

Kiberenge
Habari za muda huu wana jamvi. Naomba msaada wa haraka, na asiye na la kusaidia apite tu.

Natumia dawa za kufubaza virusi, kile kidonge kimoja kwa siku (TLD). Nimekuwa vizuri muda mrefu, majibu ya mwisho ya wingi wa virusi waliniambia havionekani. Sasa kopo limefika chini na tarehe ya kurudi CTC, yaani kliniki ya dawa hizi, bado iko mbali. Nikimeza leo nikaruka kesho ili vifike mpaka tarehe, kuna shida? Au bora nikate nusu nusu? Niliwahi kusikia dawa hii inakaa mwilini muda mrefu. Nina wasiwasi sana, usiku silali.

Chuma Ulete
Ngoja waje wataalamu. Mimi nimekaa pale na karanga zangu.

Bint Saidi
Pole sana. Lakini kwa nini usirudi kituoni tu? Dawa ni bure, na hakuna anayefukuzwa kwa kuwahi.

Kiberenge
Kituo ni kilekile kila mtu ananijua. Nikienda kabla ya tarehe wataanza maswali. Naomba mnijibu nilichouliza.

Mzee Kipara
Mmedekezwa nyie wa kidonge kimoja. Sisi tulioanza zamani tulimeza asubuhi na jioni, zile zilizotukausha mashavu mpaka konda wa daladala anakuonea huruma na nauli hadai. Zikaja za usiku zenye ndoto. Kuna siku niliota naendesha treni ya TAZARA haina breki, abiria wote ni shemeji zangu. Nikaamka nimeshika kitasa cha mlango. Leo mna kidonge hakina ndoto wala hakikaushi mashavu, bado mnataka kukikata vipande!

Famasia Kona
Mtoa mada, usiruke na usikate. Ndani ya kidonge hicho kuna dawa tatu: tenofovir miligramu 300, lamivudine 300 na dolutegravir 50. Kila moja ina muda wake wa kukaa mwilini. Ukiruka siku, virusi vinakutana na dawa kidogo isiyotosha kuvizuia, na hapo ndipo usugu unapozaliwa. Hilo la kukaa mwilini lina maana moja tu: ukichelewa saa chache hujaharibu kitu, unameza ukikumbuka. Isipokuwa kama imebaki chini ya saa nne ufikie dozi inayofuata, hapo unasubiri hiyo. Usimeze viwili kufidia.

Sasa na mimi nina swali. Ulipewa dawa za miezi mingapi?

Kiberenge
Sita. Makopo mawili.

Famasia Kona
Makopo mawili ya 90, na tarehe bado iko mbali. Vidonge havina miguu, mkuu.

Kiberenge
Labda walihesabu vibaya. Binadamu hukosea.

Famasia Kona
Makopo hayo yanatoka kiwandani yamefungwa. Pale dirishani hakuna anayehesabu kimoja kimoja.

Ngosha Mtulivu
Tatizo la watu wa siku hizi ni uongo. Mnadanganya wenza, mnadanganya madaktari, sasa mnadanganya hata mitandaoni mnakotumia majina ya bandia. Ungefuata mafundisho ya wazazi usingefika huko.

Mla Mbivu
Ngosha punguza mahubiri. Mnakumbuka Loliondo 2011? Kikombe cha dawa ya mitishamba cha Babu kule Samunge, shilingi 500, foleni ya magari haionekani mwisho. Baba yangu mdogo alikunywa, akarudi nyumbani akamwaga dawa zote chooni, akatuchinjia mbuzi kwamba kapona. Aliporudi hospitali alikuwa wa kubebwa. Ashukuriwe muuguzi mmoja ambaye hakumgombeza, alimwandikia upya tu. Yupo mpaka leo, anadaiwa mbuzi na watu.

Bint Saidi
Mtoa mada rudi basi. Unawauzia watu? Kuna watu nasikia wanalishia kuku.

Kiberenge
Siuzi na sina kuku. Haya, ngoja niseme. Mimi ni mwanamke. Kuna mtu mwingine anameza humohumo. Ni mume wangu.

Msianze kunishambulia. Yeye ni mwalimu mkuu na mzee wa kanisa, mji wetu mdogo, huku Nyanda za Juu Kusini. Akionekana kwenye benchi la CTC, mpaka jioni shule nzima inajua. Nilipomweleza hali yangu hakuniacha, wangapi wangefanya hivyo? Akasema basi na yeye atakuwa anameza ili ajikinge. Ningemnyimaje? Kama dawa inazuia virusi kwangu, si itazuia na kwake? Mimi sioni ubaya wa kugawana, ninachotaka ni namna ya kuzifikisha tarehe.

Chuma Ulete
Mapenzi ya kweli ni kugawana chipsi. Hii ya kugawana ARV imenizidi kimo.

Famasia Kona
Dada, asante kwa kusema. Naomba usome taratibu.

Ulisema virusi vyako havionekani, maana yake chini ya nakala 50 kwenye kila mililita ya damu. Mtu akiwa hivyo na akadumu hivyo, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Kwa hiyo kinga ya mumeo ilikuwepo, ni wewe kumeza kidonge chako kila siku. Akichota kwenye kopo lako mpaka ukaanza kuruka, virusi vyako vitapanda na kinga aliyokuwa nayo itaondoka. Anatoa tofali la ukuta ili azibe dirisha.

Kama anataka kinga yake mwenyewe, ipo, inaitwa PrEP. Haina dawa tatu kama yako, na anapewa baada ya kupimwa. Je, kabla hajaanza kuchota alipimwa?

Kiberenge
Alijipima. Kile kipimo cha mate cha nyumbani, ikatoka mstari mmoja. Ndiyo maana ana uhakika yeye ni mzima.

Bint Saidi
Kabla ya kuanza kumeza au baada?

Kiberenge
Baada. Ina tofauti gani? Mstari ni mstari.

Famasia Kona
Tofauti ni kubwa sana. Kipimo hicho hakitafuti kirusi, kinatafuta askari ambao mwili umetengeneza dhidi ya kirusi. Mtu akishakuwa kwenye ARV wale askari wanaweza kupungua, mstari wa pili ukafifia au usitokee kabisa. Hata maelekezo ya kipimo yanasema anayemeza ARV asikitumie. Kwa sasa hakuna anayejua hali ya mumeo, si wewe wala yeye. Kama anavyo, anavitibu bila kupimwa figo na bila kuangaliwa homa ya ini B. Tenofovir na lamivudine zinakandamiza na kirusi cha homa ya ini, na mwenye nacho akiziacha ghafla ini linaweza kuwaka vibaya.

Ana ugonjwa mwingine wowote?

Kiberenge
Sukari tu. Yuko kwenye metformin, gramu moja asubuhi na moja jioni. Karibuni anaharisha sana na kichefuchefu, amepungua. Tunadhani ni maji ya kisima.

Famasia Kona
Hili ndilo ungelianza nalo.

Dolutegravir inazuia figo kutoa metformin, kwa hiyo metformin inajazana kwenye damu. Mtu akiwa kwenye dawa zote mbili, metformin haitakiwi kuzidi gramu moja kwa siku nzima, na daktari ndiye anayepunguza. Mumeo anameza mbili. Kuharisha, kichefuchefu na kuishiwa nguvu kunaweza kutokana na hiyo, na figo zikiwa zimechoka metformin inaweza kujaza asidi kwenye damu, jambo la hatari. Asiache dawa za sukari kwa kujiamulia, lakini aonwe haraka. Akianza kuhema kwa shida au kutapika mfululizo, msingoje asubuhi.

Mzee Kipara
Mimi nina sukari pia, daktari alinipunguzia nilipohamishiwa kidonge kipya. Nililalamika sana, nikadhani wameishiwa dawa wananipa nusu. Kumbe.

Jicho la Tatu
Samahani kwa kuharibu sherehe. Nimepekua nyuzi za zamani za huyu Kiberenge. Mwaka jana alikuwa anauza Vitz, akaandika "gari la mke wangu, halijawahi kugongwa". Leo yeye ndiye mke! Wakuu hii ni chai.

Chuma Ulete
Chai yenyewe ya mgonjwa wa sukari 😂😂😂

Ngosha Mtulivu
Nilijua tangu mwanzo. Nilisema uongo.

Mla Mbivu
Na mimi nimemwaga habari za baba mdogo kwa mtu wa kutunga! Mods futeni uzi.

Kiberenge
ID ni ya mume wangu. Simu ni yake, yangu ilivunjika kioo. Nimeandika akiwa kwenye kikao. Sina sababu ya kutunga.

Jicho la Tatu
Kwa hiyo umekuja kutoa siri za mumeo kwenye akaunti ya mumeo, kwenye simu ya mumeo. Mwandishi wa tamthilia hii apewe tuzo.

Bint Saidi
Mimi naona inawezekana. Aliyebanwa haangalii ID ya nani. Nilishawahi kumlalamikia mama mkwe kwenye kundi la WhatsApp la ukoo wao.

Chuma Ulete
Bint Saidi hiyo inahitaji uzi wake.

Kiberenge
Wakuu, sasa anayeandika ni mwenye ID. Nimesoma yote. Sikupenda mambo ya nyumba yangu kuletwa huku, lakini hilo nitazungumza na mwenzangu. Gari liliuzwa, lilikuwa lake, na kweli halikugongwa.

Nilianza kumeza kwa nia njema. Niliona mke wangu anapona nikasema hii haiwezi kuwa sumu kwangu. Sihitaji kufundishwa ndoa na watu wasionijua. Ninachotaka kujua ni hicho kitu cha metformin, kama ni cha kweli au ni maneno ya mtandaoni.

Jicho la Tatu
Kabadilisha koti. Mtu mmoja, sauti mbili.

Famasia Kona
Jicho, iwe chai iwe maji, kuna anayesoma hapa na kopo mkononi. Naendelea.

Mwalimu, shikamoo. Ni kweli, na mfamasia yeyote wa hospitali atakuthibitishia. Usichote tena kwenye kopo la mama, na kwa sababu ya lile la homa ya ini usikae nyumbani kusikilizia. Nenda kituoni kwanza.

Kiberenge
Marahaba. Nikienda hapa kwetu nimekwisha. Naweza kwenda wilaya nyingine?

Famasia Kona
Unaweza. Kituo chochote chenye CTC kitakupokea, watu wengi hufuata dawa mbali na kwao. Beba dawa zako za sukari na pakiti zake, usizitaje kwa mdomo ukakosea kipimo. Na kabla hawajakutoboa kidole waambie umekuwa ukimeza ARV na tangu lini, vinginevyo watakupa majibu kama ya kile cha mate. Wakijua watachagua namna nyingine ya kukupima.

Kiberenge
Na mke wangu akasemeje kuhusu makopo?

Bint Saidi
Aseme yaliangukia chooni. Wengi ndivyo wanavyosema.

Famasia Kona
Ndiyo maana hawaamini tena habari za vyoo. Aseme ukweli, na aombe kupimwa wingi wa virusi kama amewahi kuruka. Vikiwa vimepanda atapewa ushauri wa ufuasi, yaani kumeza dawa bila kukosa, kisha atarudia kipimo, hawamfungi mtu.

Kiberenge
Jumatatu nina kikao cha bodi ya shule. Tutaenda Jumanne.

Famasia Kona
Kidonge cha mama ni leo usiku, kizima, na kila usiku. Nawe mwalimu, kwa huko kuharisha ningekuwa hospitali kesho asubuhi, bodi ingenisubiri.