Sarafu za marehemu babu: zipi niuze, zipi nibaki nazo?

Binti wa Ngamiani
Wakuu, habari za jioni. Babu mzaa mama alikuwa na duka la vitambaa hapa Tanga, na sarafu ya zamani ikipita mkononi mwake aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga. Kopo hilo sasa nimeachiwa mimi. Bati la nyumba ya mama linavuja na masika hayo yanakuja, kwa hiyo baadhi lazima ziuzwe. Zote sitaki.

Nimezimwaga juu ya kanga. Shilingi za simba (za Afrika Mashariki, enzi za Mwingereza) ndizo nyingi, kuanzia 1922 hadi 1952. Kuna senti kumi ya tundu ya 1936 yenye jina la Edward VIII, rupia mbili za Mjerumani (Kaizari na kofia yake ya tai), heller 5 (heller ni senti za Mjerumani) kubwa ya shaba ya 1909, heller 20 ya 1916 yenye herufi T, na pesa, yaani sarafu za shaba za Sayyid Barghash, sultani wa Zanzibar, zenye picha ya mizani, zimesagika mpaka maandishi hayasomeki vizuri.

Sonara wa mtaani anataka zote kwa gramu. Moyo unakataa. Mjomba naye anasema nianze na ya Edward, eti mfalme aliyetawala chini ya mwaka lazima sarafu yake iwe ghali. Mnanishaurije?

Karani Mstaafu
Binti yangu, la kwanza usizisugue. Si kwa limau, si kwa majivu. Ile rangi ya kahawia iliyotulia kwenye shaba ndiyo mnunuzi anayoitafuta, ukiing'arisha umemfukuza.

Mjomba nisalimie, ila kwa Edward simuungi mkono. Uingereza kwenyewe sarafu zake hazikuingia mitaani, lakini za kwetu zenye tundu zilipigwa kwa mamilioni. Haitakununulia hata bati moja. Baki nayo.

Penye kuuza ni kwenye shilingi. Za 1921 hadi 1946 zina madini ya fedha (silver) robo: sarafu ina gramu 7.8 hivi, kwa hiyo fedha tupu haifiki gramu 2. Za 1948 mpaka 1952 ni shaba na nikeli, fedha hamna. Zitenge nyumbani kabla hujaingia dukani, na kila mwaka ujiwekee moja iliyo safi.

Mkusanyaji wa Moshi
Naunga mkono, ila dada, rupia zisifike kwa sonara kabisa! Yeye atalipia fedha tu, halafu aziyeyushe. Rupia halali ina gramu 11.66, fedha asilimia 91 na ushei. Pima kila moja peke yake, maana za bandia zimejaa.

Heller 5 kubwa ilipigwa 1908 na 1909 tu, kisha wakaleta ndogo ya tundu. Hiyo ina watu wanaoitafuta. Ile ya T ni ya Tabora, ilipigwa kwenye karakana ya reli wakati wa vita, meli za Waingereza zilipoziba njia ya sarafu kutoka Ujerumani. Tazama taji lake, kuna aina mbili: ya taji kubwa na ya taji dogo. Usiiuze, tafadhali. Ni sarafu iliyozaliwa hapa hapa.

Karani Mstaafu
Mimi ningeuza hiyo heller 5. Nyumba ya mama kwanza.

Binti wa Ngamiani
Asanteni sana. Nimeazima mizani ya dawa: rupia moja 11.6, nyingine 10.1 na ukingo wake una mshono. Hiyo ya pili simuuzii mtu, nitaiweka kando na karatasi inayosema ni bandia.

Shilingi za fedha zilizochakaa zinakwenda kwa sonara kesho. Rupia halali na heller 5 nitaziuza kwa mkusanyaji. Mkuu wa Moshi, nikutumie picha za pande zote mbili? Tabora inabaki. Za Barghash pia zinabaki, hata kama hazina bei, kwa sababu babu alizifunga peke yake kwenye kitambaa.

Mkusanyaji wa Moshi
Tuma, dada. Na ukingo pia upige picha.